Krismasi kwa Mtu Anayejiona Hafai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya Mkristo, au mtu yeyote anayeikaribia imani ya Kikristo, ambaye kila Desemba inapofika moyo wake hurudi nyuma kwa kuwa anajiona hana sifa ya kusherehekea kuzaliwa kwa Bwana. Maswali yenyewe ni yale ambayo watu huwapelekea mapadre, wachungaji, wainjilisti na makatekista, mara nyingi kwa sauti ya chini, baada ya wengine kuondoka.

Kwa nini sikukuu ya furaha huwafanya watu wengi wajione duni?

Krismasi huja mwisho wa mwaka, wakati ambapo mtu huyahesabu yale aliyoyakusudia mwezi Januari na kuona kwamba mengi hayakutimia. Isitoshe, kwa wengi wetu sikukuu hii imefungamana na safari ya kurudi nyumbani. Anayeishi Dar es Salaam na kwao ni Rombo, Marangu au Machame, kule Kilimanjaro, anajua kwamba ndugu watakusanyika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na kwamba pamoja na furaha ya kuonana kutakuwa na macho ya kupima: nani amekuja na gari, nani amejenga, nani ameleta mchumba, nani amechangia fedha za mbuzi. Aliyepoteza kibarua mwezi Oktoba huona afadhali abaki mjini na kutoa udhuru wa kazi. Halafu kuna kanisani kwenyewe, ambako watu huvaa nguo mpya na kutoa bahasha za shukrani, na wapo wanaohofu kwamba wakiingia katika hali waliyo nayo wataitia doa siku takatifu.

Ukizisoma Injili za Mathayo na Luka hutakuta hata moja ya sababu hizo. Hizo ni desturi zilizoizunguka sikukuu, na baadhi yake ni njema sana, kwa kuwa ni vizuri wazazi kuwaona watoto wao na watoto kula pilau pamoja. Lakini desturi inapokuwa mlango wa kuwachuja watu, inakuwa imesimama mahali isipopaswa kusimama.

Krismasi inaadhimisha nini hasa?

Inaadhimisha kwamba Mwana wa Mungu alifanyika mwanadamu. Injili ya Yohana inasema, “Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu.” Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 325 uliliweka jambo hilo katika imani ya Kanisa kwa kukiri kwamba alishuka kwa ajili yetu sisi wanadamu na kwa ajili ya wokovu wetu. Anayejiona hafai na aangalie safari hiyo ilielekea wapi: aliyesafiri ni Mungu, na alisafiri kushuka. Hakuna mwanadamu aliyepanda hadi akafikia kiwango fulani ndipo Mungu akakubali kukutana naye.

Kuhusu tarehe, Biblia haiitaji. Kumbukumbu za Roma zinaonyesha kwamba sikukuu ilikuwa ikiadhimishwa tarehe 25 Desemba kufikia mwaka 336, na Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia huiadhimisha tarehe 7 Januari kwa sababu ya kalenda yao. Wote wanaadhimisha jambo moja.

Je, sipaswi kwanza kujitakasa ndipo nimkaribie Kristo? Kama sivyo, Majilio ni ya nini?

Majilio, yaani majuma manne yanayotangulia Noeli, ni wakati wa kujiandaa kweli, na katika majuma hayo tunasikia sauti ya Yohana Mbatizaji ikitutaka tuitengeneze njia ya Bwana. Lakini ni lazima tuelewe njia hiyo inatengenezwa kwa ajili ya nani. Bwana yuko safarini tayari. Ahadi yake haikungoja watu wawe wema, kwa maana Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu “tulipokuwa tungali wenye dhambi.” Tunaondoa mawe barabarani kwa sababu mgeni anakuja, na tungekosea sana kama tungedhani kwamba mawe yakibaki mawili matatu atageuza na kurudi alikotoka.

Simoni Petro alipoona wingi wa samaki katika nyavu zake alianguka magotini akasema, “Ondoka kwangu, kwa maana mimi ni mtu mwenye dhambi, Bwana.” Bila shaka alichosema juu yake mwenyewe kilikuwa kweli, na Yesu hakumbishia. Lakini hakuondoka. Alimwambia asiogope, akampa kazi. Vivyo hivyo, katika Misa waamini Wakatoliki hutamka, kabla ya kupokea Komunyo, maneno yaliyotokana na yale ya akida, yaani ofisa wa jeshi, wa Kapernaumu: “Ee Bwana, sistahili uingie kwangu.” Kila mmoja huyatamka, kuanzia padre altareni hadi bibi kizee wa benchi la nyuma. Kwa hiyo mtu anayejiona hastahili hajasimama nje ya mkusanyiko wa waamini. Anasema kile ambacho Kanisa zima linasema.

Nasaba ya Yesu katika Mathayo sura ya kwanza inanihusu nini?

Wasomaji wengi huiruka kwa sababu ni orodha ndefu ya majina, nami naamini kwamba kwa kuiruka wanapoteza sehemu ya Krismasi inayowafaa zaidi wale wenye aibu. Mathayo anahesabu vizazi 14 mara tatu, kuanzia Ibrahimu hadi Kristo, na katikati ya majina ya wanaume anaingiza wanawake wanne kabla ya kumfikia Mariamu. Tamari alinyimwa haki yake na Yuda, baba mkwe wake, akajifanya kahaba njiani ili apate uzao. Rahabu alikuwa kahaba wa Yeriko. Ruthu alikuwa mwema kupita kawaida, lakini alikuwa Mmoabu, mtu wa taifa ambalo Kumbukumbu la Torati sura ya 23 inalikataza kuingia katika mkutano wa Bwana. Wa nne Mathayo hamtaji kwa jina lake, Bathsheba. Anamwita mke wa Uria, na kwa kufanya hivyo anamkumbusha msomaji kwamba mfalme Daudi alichukua mke wa mtu, kisha akapanga mumewe auawe vitani.

Ni kosa, tena kosa linalosikika mara nyingi mimbarini, kuihubiri nasaba hii kana kwamba doa lote limeletwa na wanawake. Katika habari ya Tamari ni Yuda mwenyewe aliyekiri kwamba yule mwanamke alikuwa na haki kuliko yeye. Katika habari ya mke wa Uria, aliyehukumiwa na nabii Nathani ni mfalme. Na wanaume wengine waliomo hawana usafi wa kujivunia: Manase, kwa mujibu wa kitabu cha pili cha Wafalme, alimwaga damu isiyo na hatia nyingi sana mpaka akaujaza Yerusalemu, na Yekonia alichukuliwa mateka hadi Babeli.

Mtu anaweza kusema kwamba Mathayo hakuwa na hiari, kwamba aliandika tu kile kilichokuwapo. Sivyo. Kati ya Yoramu na Uzia ameacha wafalme watatu wazima, Ahazia, Yoashi na Amazia, ambao wamo katika vitabu vya Wafalme. Alijua kuacha jina. Angetaka angeweza kabisa kumwacha Rahabu, na hakuna aliyezoea orodha za ukoo ambaye angeshangaa, kwa sababu desturi ilikuwa kuwataja akina baba. Amewaacha wafalme watatu, akamweka kahaba wa Yeriko.

Katika koo zetu nyingi mambo hufanyika kinyume. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hatajwi ukoo unapotambulishwa harusini, shangazi aliyeolewa na kuachika mara mbili hasemwi, na mjomba aliyefungwa gerezani huwa “yuko mbali.” Kama wewe ndiye jina ambalo ukoo wako huliruka, chukua muda uisome sura hiyo ya kwanza ya Mathayo taratibu, jina kwa jina, na useme moyoni kwamba huo ndio ukoo ambao Mwana wa Mungu alikubali kuandikwa ndani yake. Waraka kwa Waebrania unasema kwamba “haoni haya kuwaita ndugu zake.”

Mimi ni maskini. Sina nguo ya sikukuu wala sadaka ya kutoa. Nitakwendaje mbele ya Bwana?

Nenda na ulicho nacho. Wazazi wa Yesu walifanya hivyo hivyo. Sheria iliyo katika Walawi sura ya 12 ilimtaka mama aliyejifungua alete mwana-kondoo, lakini ikaweka nafuu kwa asiyeweza: alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka anapoeleza jinsi Yusufu na Mariamu walivyompeleka mtoto hekaluni, anataja sadaka ya ndege. Hiyo ilikuwa sadaka ya maskini, iliyotolewa na familia ya Mkombozi katika hekalu lake mwenyewe, na hakuna anayesimulia kwamba walirudishwa mlangoni.

Kabla ya hapo mtoto alikuwa amelazwa horini kwa sababu nafasi haikuwapo katika nyumba ya wageni. Tumezoea kuliona hori likiwa limepambwa kwa taa za rangi hata tumesahau kwamba ni chombo cha kulishia mifugo. Fransisko wa Asizi, alipoandaa pango la Noeli pale Greccio nchini Italia mwaka 1223, alileta nyasi kavu, ng'ombe na punda kwa sababu alitaka watu waone kwa macho yao dhiki aliyoipata mtoto yule kwa kukosa mahitaji ya kawaida. Mapango tunayoyaona leo makanisani kwetu yanafuata nyayo zake, na ingefaa yabaki na unyofu ule.

Paulo anawaambia Wakorintho kwamba Kristo “alikuwa maskini kwa ajili yenu, ingawa alikuwa tajiri.” Maneno hayo hayaufanyi umaskini kuwa mzuri, njaa ni njaa, na karo isiyolipwa humrudisha mtoto nyumbani. Yanachokataa ni ile dhana kwamba umaskini ni dalili ya kukataliwa na Mungu, dhana ambayo siku hizi huhubiriwa waziwazi na baadhi ya watumishi wanaoahidi kwamba aliyebarikiwa lazima aonekane kwa mali. Kipimo hicho kingemwacha nje mtoto wa Bethlehemu na mama yake.

Kwa nini malaika aliwaendea wachungaji wa mifugo?

Luka hatoi sababu. Anasema tu kwamba walikuwa makondeni usiku wakililinda kundi lao kwa zamu, yaani walikuwa kazini. Hawakuwa wakifunga na kusali, wala hasemi kwamba walikuwa wacha Mungu kuliko majirani zao. Waliambiwa, “leo katika mji wa Daudi amezaliwa, kwa ajili yenu, Mwokozi,” na ishara waliyopewa ni mtoto aliyevikwa nguo za kitoto, amelala katika hori ya kulia ng'ombe. Ishara ile ilifaa watu wale. Mlinzi wa usiku au muuguzi wa zamu ambaye ataikosa ibada ya mkesha kwa sababu yuko kazini asijihesabu kuwa ameikosa Krismasi.

Dhambi yangu ni nzito. Je, si unafiki kuimba nyimbo za Noeli nikiwa na dhambi hiyo?

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo moyo uliojeruhiwa huyachanganya, yaani hatia na fedheha. Hatia inatokana na jambo ambalo mtu amelitenda: amedhulumu, amezini, ameiba fedha za kikundi, amemtelekeza mtoto. Fedheha inatokana na jinsi mtu anavyojiona au anavyoonwa, na mara nyingi haina dhambi yoyote ndani yake: kukosa kazi, kushindwa mtihani wa kidato cha nne, kuwa mgumba, kuwa na ulemavu, kuishi na virusi vya UKIMWI, kubakwa. Mtu aliyetendewa uovu na akabaki akijiona mchafu hahitaji kusamehewa uovu ule, kwa sababu si wake. Kumwambia atubu ni kumwongezea jeraha, na kiongozi yeyote wa kiroho anayefanya hivyo anapaswa kujirekebisha.

Krismasi inayajibu yote mawili, kila moja kwa njia yake. Kwa mwenye hatia, malaika alimwambia Yusufu kwamba mtoto ataitwa Yesu, “maana, yeye ndiye atakayewaokoa watu wake na dhambi zao.” Jina alilopewa kabla hajazaliwa linahusu dhambi. Kama hakuna mwenye dhambi, basi hakuna sababu ya jina hilo. Kwa hiyo mwenye dhambi anayeimba Noeli anaimba kuhusu jambo lililofanyika kwa ajili yake hasa. Unafiki ni kuimba huku umekusudia kuendelea kudhulumu. Kuimba huku unalia kwa ajili ya ulichotenda ni mwanzo wa toba. Baada ya hapo, nenda ukaungame kama taratibu za Kanisa lako zinavyoelekeza, rudisha ulichochukua, mwombe radhi uliyemkosea. Paulo, aliyewahi kulitesa Kanisa, aliandika kwamba Kristo Yesu alikuja ulimwenguni awaokoe wenye dhambi, “ambao wa kwanza wao ni mimi.”

Kwa mwenye fedheha, jibu ni kwamba Mungu ameutwaa ubinadamu wetu wote, ukiwa na mwili unaochoka, unaona njaa na kutoa machozi. Gregori wa Nazianzo, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 4, alifundisha kwamba sehemu ya mwanadamu ambayo Kristo hakuitwaa isingekuwa imeponywa. Hakuna sehemu aliyoiruka. Mwili ambao wewe unauonea haya ni wa aina ileile aliyoipokea tumboni mwa Mariamu.

Nimetengwa na Meza ya Bwana, au ndoa yangu haijafungwa kanisani. Je, ninaruhusiwa kuja ibada ya Krismasi?

Unaruhusiwa, na unatakiwa. Katika Kanisa Katoliki, asiyeweza kupokea Komunyo kwa sababu ya hali ya ndoa yake hajafukuzwa Kanisani. Anaalikwa kusali, kusikiliza Neno, kutoa sadaka, kuwaleta watoto wake katekesi. Kwa Walutheri, waumini waliowekwa chini ya nidhamu ya Kanisa wana utaratibu wa kurudi kundini, na Majilio ni wakati mzuri wa kumwona mchungaji au mzee wa kanisa ili kuuanza. Usingoje siku ya tarehe 25, ambapo mchungaji ana ibada kadhaa na ubatizo wa watoto. Nenda mapema Desemba, siku ya kazi, ueleze hali yako bila kuficha.

Kuna wanaobaki nyumbani miaka na miaka kwa sababu ya mahari ambayo haijamalizika kulipwa, na hivyo ndoa haijabarikiwa. Hilo linatuumiza, na lawama yake haistahili kuwaangukia wawili hao peke yao. Wazazi wanaoshikilia ng'ombe wawili waliobaki wakati binti yao anakosa sakramenti wanapaswa kulitafakari jambo hilo mbele ya hori la Bethlehemu.

Ukiwapo kanisani na wengine wakaenda mbele kupokea, baki kwenye benchi lako ukisali, bila haya. Anayekutazama kwa jicho la hukumu wakati huo amesahau alichokitamka mwenyewe dakika chache zilizopita, kwamba naye hastahili.

Sina mtoto, na Krismasi ni sikukuu ya mtoto. Nifanye nini na uchungu huu?

Usiufiche mbele za Mungu. Luka ameianza Injili yake na mwanamke mgumba. Elisabeti alikuwa mwenye haki, na Luka analisema hilo kwa makusudi kabla ya kueleza kwamba hakuwa na mtoto, ili msomaji asije akadhani kwamba utasa ulikuwa adhabu. Alipochukua mimba alisema kwamba Bwana amemwangalia ili kumwondolea aibu yake mbele ya watu. Alijua aibu ile inatoka wapi: kwa watu.

Sitakuambia kwamba kwa sababu Elisabeti alipata, nawe utapata. Biblia haituruhusu kumwahidi hivyo kila mtu, na wanandoa wengi wameumizwa na unabii wa namna hiyo uliotolewa kwa sauti kubwa na kuthibitishwa kwa sadaka. Tazama badala yake mtu wa pili ambaye Luka anamweka karibu na mtoto Yesu: Ana binti Fanueli, mjane aliyeishi na mume miaka 7 tu, na sasa akiwa mzee, umri wake ukihusishwa na miaka 84. Luka hataji mtoto wake yeyote. Lakini ndiye aliyesimama hekaluni na kuwaeleza habari za mtoto wote waliokuwa wakiutarajia ukombozi wa Yerusalemu. Maisha yake hayakungoja uzazi ili yawe na maana mbele za Mungu.

Nimefiwa mwaka huu, au imani yangu imepoa. Siwezi kujilazimisha kufurahi.

Basi usijilazimishe. Injili ya Krismasi ina kilio ndani yake: baada ya Herode kuwaua watoto wa Bethlehemu, Mathayo anamtaja Raheli akiwalilia watoto wake, asitake kufarijiwa. Kanisa halikukiondoa kilio hicho katika sherehe zake. Tarehe 28 Desemba, ndani ya siku nane za Noeli, Wakatoliki na Waanglikana huwakumbuka watoto wale. Kulia wakati wa Krismasi kuna nafasi katika kalenda.

Kuhusu imani iliyopoa, mkumbuke Zakaria, kuhani aliyekuwa akifukiza uvumba hekaluni na hata hivyo hakumwamini malaika. Alipigwa bubu, lakini ahadi haikufutwa; Yohana alizaliwa kwa wakati wake. Na Isaya alikuwa ametabiri juu ya mtumishi wa Bwana kwamba “mwanzi uliopondeka hatauvunja, wala utambi utokao moshi hatauzima.” Imani inayotoa moshi tu bado inahesabiwa.

Lakini kama huzuni yako imefika mahali unafikiria kuyakatisha maisha yako, usikae na wazo hilo peke yako hata kwa usiku mmoja. Mwambie mtu unayemwamini akae nawe, na mfike hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, kwa sababu sonona ni ugonjwa unaotibika. Kuomba msaada wa daktari hakupunguzi imani ya mtu, na kiongozi wa kiroho mwenye busara atakusindikiza huko.

Je, mafundisho haya hayatawafanya watu waendelee katika dhambi kwa raha?

Katika Misa ya usiku wa Noeli husomwa waraka wa Paulo kwa Tito, sura ya 2: neema ya Mungu iwaokoayo wanadamu wote imefunuliwa, nayo yatufundisha kukataa ubaya na kuishi kwa kiasi, haki na utauwa. Neema ndiyo inayofundisha. Mtu aliyepokelewa hupata nguvu ya kubadilika ambayo aliyetukanwa hana.

Siku yenyewe niifanyeje, ikiwa sina fedha wala mtu wa kukaa naye?

Usiku wa tarehe 24 au asubuhi ya tarehe 25, nenda kanisani ukiwa umevaa nguo safi uliyo nayo. Ukirudi, soma Luka sura ya 2 yote, siyo aya za mwanzo tu, mpaka ufike kwa Simeoni na Ana. Soma pia wimbo wa Mariamu katika sura ya 1, ambamo binti wa Nazareti, kijiji ambacho Nathanaeli aliuliza kama laweza neno jema kutoka humo, anasema kwamba Mungu “ameutazama unyonge wa mjakazi wake.” Pumzisha simu yako kwa saa kadhaa, maana picha za sherehe za wengine haziwezi kukusaidia siku hiyo. Kama uko ugenini, Muscat au Toronto, na huwezi kusafiri, mpigie mama au mzee wa nyumbani na useme ukweli kwamba mwaka huu huna cha kutuma. Wengi wamekaa kimya na nyumbani wakadhani wamesahauliwa, kumbe tatizo lilikuwa fedha.

Mimi nina familia na riziki ya kutosha. Nawezaje kumsaidia anayejiona hafai?

Kwanza, mwangalie aliyeacha kuja. Kila mtaa na kila jumuiya ndogondogo ina mtu ambaye hajaonekana tangu Pasaka, na mara nyingi sababu ni aibu. Mfuate nyumbani kwake kabla ya sikukuu, bila kumhoji. Mwalike kula, na umwalike kwa jina, kwa kuwa tangazo la jumla la “wote mnakaribishwa” humfikia kila mtu isipokuwa yule anayejiona hahesabiwi kati ya wote. Kama utampa nguo au chakula, mpe siku mbili tatu kabla, faraghani, asilazimike kushukuru mbele ya watu. Ndugu wakikutana nyumbani, jizuie kumwuliza kijana ataoa lini au dada atazaa lini. Muulize habari za afya yake, na umsikilize akijibu. Wazee wa kanisa wanaweza kuamua kwamba mwaka huu majina ya waliotoa sadaka na viwango vyao hayatasomwa ibadani siku ya Krismasi, na uamuzi huo unaweza kupitishwa katika kikao kimoja tu cha Novemba.